Benki zetu zilizofungwa zifundishwe darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Ninachotaka kusema ni kifupi, ingawa sababu zake zitachukua mistari mingi. Benki ikifungwa Tanzania, Benki Kuu na Bodi ya Bima ya Amana zitoe hadharani taarifa kamili ya kilichoiangusha, na vyuo vya sheria viifundishe taarifa hiyo kwa uzito uleule ambao leo vinazipa kesi za London.

Mimi ni mwanafunzi wa jioni wa shahada ya pili ya sheria, na sheria za benki ndilo eneo nililochagua. Nimefanya kazi benki miaka mingi, kwanza kaunta, baadaye idara ya mikopo, na hadi leo mchana niko kwenye mafaili ya dhamana: hati za viwanja, kadi za magari, barua za serikali ya mtaa, fomu za ridhaa ya mwenza. Darasani tumechanganyika. Wapo mawakili vijana, yupo ofisa ushirika, yupo mkaguzi wa hesabu, na dada mmoja anayesimamia mawakala wa pesa za simu. Walimu wetu ni watu wa kujituma na siwalaumu hata kidogo. Wanafundisha kilichomo kwenye muhtasari wa somo, na vitabu wanavyovikuta maktaba viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza.

Kwa hiyo tunaanza na Foley na Hill, kesi ya mwaka 1848. Mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati huo iliamua kwamba pesa ukishaiweka benki inakuwa mali ya benki, nawe unabaki mdai kama mtu mwingine yeyote aliyeikopesha. Baada yake inakuja Joachimson ya 1921, juu ya benki kumlipa mteja anapodai pesa yake, halafu Tournier ya 1924 juu ya siri za mteja. Sizidharau kesi hizi. Ndizo msingi wa somo, na wakili asiyezijua atakwama siku ya kwanza mahakamani. Lakini tazameni kinachotokea tunapofika kwenye nyumba ya familia iliyowekwa dhamana.

Kwa Waingereza mfano wa kawaida ni mke aliyesaini nyumba iwekwe rehani kwa ajili ya deni la biashara ya mume, bila kuelewa au kwa kushinikizwa. Kuna Barclays na O'Brien ya 1993, kisha Etridge ya 2001, iliyoipa benki utaratibu wa kuhakikisha mke amepata ushauri wa mwanasheria kabla ya kusaini. Tulizichambua jioni nzima. Sheria yetu wenyewe ikaja dakika za mwisho, watu wakiwa wanakusanya madaftari wawahi daladala. Na sheria yetu imefuata njia nyingine kabisa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuiuza, kuigawa, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kikaongeza kwamba rehani ya nyumba hiyo haisimami pasipo ridhaa. Haijalishi hati imeandikwa jina la nani. Bunge letu lilikuwa limeshasema hivyo miaka ishirini na miwili kabla ya O'Brien.

Aliyewahi kukaa kwenye meza ya mikopo anajua sheria hii inavunjikia wapi. Mteja analeta kiapo kwamba hajaoa. Ofisa anakwenda kukagua nyumba, anapiga picha, na kwenye picha zinaonekana nguo za watoto zimeanikwa uani. Anaziona. Lakini mwezi unaisha na lengo la mikopo halijafikiwa, faili linapita. Mkopo unapolala, dalali anafika kubandika tangazo la mnada, na mama wa wale watoto anakimbilia mahakamani akiwa na cheti cha ndoa, au akiwa hana cheti bali ana kifungu cha 160 cha sheria ileile, kinachomtambua mtu aliyeishi na mwenzake miaka miwili na zaidi wakajulikana kama mke na mume. Ama mnada unazuiwa na benki inabaki na karatasi, ama unaendelea na familia inatolewa vitu nje. Nimeyaona yote mawili. Swali linaloamua mambo hapo ni moja, benki ilifanya nini kujua kama mkopaji ana mwenza, na jibu lake liko kwenye lile faili lenye picha ya nguo uani. Mafaili ya namna hiyo yakiwa mengi ndiyo yanayozaa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, na mikopo chechefu ndiyo inayokula mtaji wa benki. Hakuna ukurasa wa Etridge utakaomfundisha mwanasheria wetu mnyororo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Anaweza kuufundishwa na benki moja tu ya hapa iliyoanguka, kama angeruhusiwa kuisoma.

Na benki zilizoanguka tunazo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mwaka uliotangulia, Mei 2017, ilikuwa Benki ya Wananchi Mbinga. Sababu iliyotolewa kwa zile tano ni kwamba mtaji wake ulikuwa chini ya kiwango cha sheria, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi.

Nilipotaka kuandika kazi yangu ya muhula juu ya benki hizo nilitafuta cha kusoma. Nilichokipata ni ile taarifa fupi kwa umma na habari za magazeti za wiki ile. Basi. Mtaji pungufu hauelezi kwa nini benki imekufa. Ni kama cheti cha kifo kinachosema moyo ulisimama. Mtaji huo uliliwa na nini? Ni mikopo iliyotolewa kwa wakulima wa zao moja, bei ikashuka wote wakashindwa kulipa msimu mmoja? Ni wakurugenzi waliojikopesha wao na jamaa zao? Ni gharama za mfumo wa kompyuta ulionunuliwa kwa benki yenye matawi mawili? Ni wanahisa walioahidi kuongeza fedha wasiongeze? Wakaguzi wa Benki Kuu waliona dalili lini, waliagiza nini, na bodi ilijibu nini? Kila swali kati ya hayo lina kanuni yake ndani ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006. Tunazisoma kanuni hizo kama orodha ya makatazo. Hatujawahi kuiona hata moja ikifanya kazi au ikishindwa kufanya kazi.

Naomba nisieleweke kwamba naituhumu benki yoyote kati ya hizo kwa lolote nililoliuliza hapo juu. Sijui, na ndiyo maana naandika.

Mhadhiri wetu aliwahi kutuuliza tofauti kati ya mwenye amana na mwanahisa benki inapofilisiwa. Wengi tulijibu kwa maneno ya kitabu. Yule ofisa ushirika akajibu kwa mfano wa chama cha akiba na mikopo kilichokuwa na makumi ya milioni kwenye benki iliyofungwa. Mwaka 2018 bima ya amana ilikuwa inafika Sh1.5 milioni kwa kila mwenye amana. Bibi mwenye laki nane kwenye kitabu chake alirudishiwa zote. Chama kile, pamoja na wanachama wake wote, kilihesabiwa kama mteja mmoja, kikalipwa milioni moja na nusu, na kilichobaki kikaingia kwenye foleni ya madai kusubiri mfilisi auze samani, akusanye mikopo, na kugawa kitakachopatikana. Hapo ndipo Foley na Hill iliponiingia. Pesa ilishakuwa ya benki, chama kilikuwa mdai tu. Kesi ya 1848 ilipata damu na nyama kwa sababu ya mfano wa hapa, na mfano huo haukutoka kwenye kitabu chochote, ulitoka mdomoni mwa mwanafunzi aliyekuwa anawafahamu wale watu. Kiwango cha bima kimeshapandishwa hadi Sh7.5 milioni, hatua njema sana. Lakini swali la vyama, shule na vikundi vinavyoweka akiba ya watu wengi kwa jina moja bado lipo palepale, na linahitaji wanasheria waliolisoma.

Kuna benki nyingine ambayo kwa maoni yangu ingeweza kujaza muhula mzima peke yake. FBME ilikuwa na leseni ya Tanzania na makao makuu Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa ya biashara yake ilikuwa Cyprus. Julai 2014 FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachopambana na uhalifu wa kifedha, kiliitangaza kuwa ni benki ya kutiliwa mashaka makubwa ya utakatishaji fedha, kikapendekeza benki za Marekani zisifungue wala kuendesha akaunti kwa ajili yake. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Cyprus ilichukua tawi la huko, na Benki Kuu yetu ikashika usimamizi wa benki hapa. FBME ilikana tuhuma. Mwaka 2015 pendekezo lile likageuzwa amri, FBME ikafungua shauri Washington, na mwaka huohuo jaji wa huko akazuia amri hiyo isianze kutumika, akitaka serikali yake irekebishe utaratibu ilioutumia. Amri ikatolewa upya 2016. Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni.

Wanaosoma sheria waone kilichomo humo. Tangazo lilitoka Washington, fedha zilikuwa Nicosia, leseni ilikuwa Dar es Salaam. Nani msimamizi? Toka 1975 Kamati ya Basel, kamati ya kimataifa ya wasimamizi wa benki, imekuwa ikijaribu kugawa kazi kati ya msimamizi wa nchi benki inakotoka na wa nchi inakofanyia biashara, na kuanguka kwa BCCI Julai 1991, benki iliyosajiliwa Luxembourg na visiwa vya Cayman huku ikiendeshwa toka London, ndiko kulikoonyesha ugawaji huo una matundu kiasi gani. Tunaisoma BCCI. Swali la mtihani juu yake halikosekani. Wakati huohuo tuna benki ya kwetu yenye fumbo lilelile, na safari hii nchi maskini ndiyo iliyokuwa mwenye leseni. Je, msimamizi wa Dar es Salaam anakaguaje tawi lenye biashara kubwa kuliko makao makuu, lililo kwenye nchi yenye lugha na sarafu nyingine? Na benki ikikatiwa dola na Marekani, ambayo siyo iliyotoa leseni, leseni yenyewe ina thamani gani? Mwanafunzi wa Uingereza hana haja ya kuumiza kichwa na swali la pili. Sisi tunayo haja.

Ndiyo maana nasema tatizo si kwamba tunasoma mambo ya nje. Ni kwamba tunayasoma kana kwamba hatuna yetu. Chukueni kiwango cha mtaji. Mapatano ya Basel ya 1988 yaliweka asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa hatari zake. Sheria yetu ikaweka asilimia 10 kwa mtaji wa msingi na 12 kwa mtaji wote. Kwa nini sisi tuko juu? Mtu akijibu kwamba nchi changa haina soko la hisa la kuchangia mtaji haraka, kwamba wakopaji wakubwa ni wachache na wanajulikana, kwamba mvua zikikosekana sekta nzima inayumba, huyo ameanza kuielewa kazi ya usimamizi. Akijibu "ndivyo sheria inavyosema", atakuwa ofisa wa kujaza fomu. Nimefanya kazi na maofisa wa kujaza fomu. Ni watu wema, lakini hawaoni benki inapoanza kuinama.

Historia nayo tunaipita mbio mno. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilitaifishwa na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa miaka zaidi ya ishirini serikali ilikuwa mwenye benki, mkopaji mkubwa kupitia mashirika yake, na mtunga sheria. Tume ya Nyirabu, ya kuchunguza mfumo wa fedha na benki, iliundwa 1988, ikatoa ripoti 1990, na kutokana na kazi yake ikaja sheria ya 1991 iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 ile benki moja ikagawanywa, tukapata NBC na NMB tunazozijua. Maana yake usimamizi wa benki kama tunavyousoma leo, wa leseni, ukaguzi, mtaji na ufilisi, kwetu ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Makosa yake ni ya karibu, na watu walioyashuhudia wengi wako hai. Hii ni bahati kwa mtafiti, na inapita.

Wenzetu wa jirani wamekwenda mbele kidogo. Kenya, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial na Chase ziliwekwa chini ya usimamizi moja baada ya nyingine, na mashauri yake yamewapa wanasheria wao mengi ya kusoma. Walipoweka ukomo wa riba Septemba 2016, pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu yao, ukaleta mjadala hadi Machi 2019 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho hakieleweki kiasi cha kukiuka Katiba. Novemba mwaka huo kikaondolewa. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuifuata hadithi hiyo hatua kwa hatua kwa nyaraka za wazi.

Uganda wamefanya kubwa zaidi. Baada ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kutoa ripoti maalumu, kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma, kuanzia 2018 hadi mwanzoni mwa 2019, iliwaita maofisa wa Benki Kuu yao waeleze walivyozifunga benki saba, kuanzia Teefe hadi Crane. Mali zilithaminiwaje? Ziliuzwa kwa nani na kwa masharti gani? Nyaraka ziko wapi? Yote yaliulizwa mbele ya kamera. Na Agosti 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba benki iliyokwisha kuwekwa chini ya mpokeaji, yaani msimamizi anayeshika mali zake, kwa sheria yao, haikuwa na uwezo wa kufungua shauri, uamuzi ambao kila mfilisi wa Afrika Mashariki anapaswa kuusoma kwa makini. Sisemi kila walichofanya kilikuwa kizuri, wala sitaki Gavana wetu adhalilishwe kwenye televisheni. Nasema mwanafunzi wa Kampala leo ana kurasa za kusoma juu ya vifo vya benki zake, na mimi sina.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa na wakubwa zangu kazini. La kwanza ni siri. Ofisa wa benki ameapa kutunza siri za mteja, na mkaguzi wa Benki Kuu vilevile. Ni kweli, na mimi mwenyewe naishi kwa kiapo hicho. Lakini majina ya wateja yanaweza kufutwa na taarifa ikabaki na maana yake yote. Ninachotaka kujua siyo nani alikopa. Ni kiasi gani cha mikopo kilitolewa kinyume na ukomo, na nani ndani ya bodi aliidhinisha.

La pili ni hofu. Wanasema ukizungumza mabaya ya benki, watu watapanga foleni kutoa fedha zao hata kwenye benki zenye afya. Hofu hii naiheshimu. Nimewahi kukaa kaunta siku uvumi ulipopita mjini, na sitaki kuiona tena siku kama ile. Ila benki iliyokwisha kufungwa haina amana ya kukimbiliwa. Na uvumi huota mahali ambapo hakuna taarifa.

Tena hao Waingereza tunaowasoma hawakuogopa. Barings ilianguka Februari 1995, na Julai mwaka uleule ripoti ya uchunguzi ilikuwa imechapishwa. Ya BCCI, iliyofanywa na jaji Bingham, ilitoka Oktoba 1992, na haikuifumbia macho Benki Kuu ya Uingereza. Marekani, Silicon Valley Bank ilifungwa tarehe 10 Machi 2023, na tarehe 28 Aprili Benki Kuu yao ilitoa mapitio marefu yaliyotaja udhaifu wa wasimamizi wake wenyewe. Kama tumeziiga sheria zao, tunaweza kuiga na ujasiri huo. Hili la kukiri udhaifu wa msimamizi ndilo gumu kuliko yote, naelewa. Mkaguzi anayejua kwamba ripoti yake itasomwa siku moja na wanafunzi ataiandika vizuri zaidi, na bosi wake atafikiri mara mbili kabla ya kuiweka kwenye droo.

Kwa nini sasa? Kwa sababu pesa za watu zinahamia mahali ambapo hata ile kesi ya 1848 haituongozi vizuri. Darasani bado tunatumia wiki nyingi kwenye hundi, kwa sheria iliyoigwa toka ile ya Uingereza ya 1882. Mtaani sijaona hundi siku nyingi. Watu wanalipana kwa simu, na fedha inayosomeka kwenye simu iko kwenye akaunti ya dhamana, yaani inayoshikwa kwa niaba ya wateja, iliyofunguliwa benki. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 ililishughulikia hilo, ili kampuni ya simu ikifilisika fedha za wateja zisichanganywe na mali zake. Yule dada wa mawakala akauliza: na ikifilisika benki iliyoshika hiyo akaunti, je? Akaunti ni moja, wenye fedha ni maelfu kwa maelfu. Wanalipwa kama mteja mmoja au kila mmoja kwa chake? Tulibishana hadi mlinzi akaja kuzima taa. Ni swali lilelile la chama cha akiba na mikopo cha 2018, limekua tu. Kama uzoefu wa 2018 ungekuwa umeandikwa, tungekuwa na pa kuanzia.

Mikopo ya kausha damu sitaisemea sana, magazeti yameisema vya kutosha. Itoshe kukumbusha kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne, na kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mawakili watakaofungua na kutetea kesi za mikopo hiyo ndio hawa tunaosoma nao, na wanahitaji kujua msimamizi wetu hufanya kazi namna gani kwa vitendo.

Ninachoomba basi ni hiki. Benki ikifungwa, ndani ya muda utakaowekwa na kanuni, tuseme miaka miwili, taarifa itolewe kwa Kiswahili na Kiingereza, maana wenye amana ndio wa kwanza kustahili kuisoma. Ieleze ukaguzi ulifanyika lini na uliona nini, maagizo gani yalitolewa na yapi hayakutekelezwa, mikopo chechefu ilikuwa kiasi gani mwaka hadi mwaka, wakurugenzi na watu wao walikopa kiasi gani, bima imelipa nini, na mfilisi amekusanya nini hadi siku ya taarifa. Kama kuna shauri la jinai mahakamani, sehemu inayolihusu isubiri.

Kwa vyuo, naomba kila kozi ya sheria za benki iwe na angalau benki moja ya Afrika Mashariki inayosomwa tangu siku ya leseni hadi siku ya ufilisi. Hili si jambo geni kwetu. Kitivo cha sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilijulikana baadaye kwa kufundisha sheria pamoja na maisha ya jamii inayotawaliwa na sheria hiyo. Sisomi hapo, lakini nimefundishwa na waliosoma hapo, na najua wanaweza. Wanachokosa ni nyaraka.

Na ikiwa Benki Kuu itaona ni mapema mno kuzizungumzia za 2018, ianze na Meridien BIAO, iliyoshikwa mwaka 1995 na biashara yake kuchukuliwa na Stanbic mwaka huohuo. Ni miaka mingi imepita, waliokuwa na amana walishahama, na sioni nani ataumizwa na faili hilo likifunguliwa. Nitakuwa wa kwanza kwenda kulisoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Ofisa mikopo na mwanafunzi wa sheria,
Dar es Salaam
(Jina kamili analo mhariri)